Lori la Magurudumu Sita na Kikohozi cha Baba

Kabla sijafika mbali, nieleze mimi ni nani, maana Tukuyu watu husahau haraka. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa upande wetu wa Kisiba kusoma nje ya nchi, tena si nje ya karibu. Nilisoma Urusi, enzi zile ikiwa bado Umoja wa Kisovieti, ufundi wa magari ya jeshi, nikarudi na diploma yenye jalada jekundu. Jalada jekundu halipewi kila mtu. Wengine tuliosoma nao walirudi na jalada la bluu, na mmoja alirudi na mke tu. Diploma yangu niliitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi, na mgeni akiingia nilimkalisha kwenye kiti kinachoitazama.

Sikubebwa na mtu. Serikali ilinilipia nauli, Warusi wakanilipia masomo, chakula, malazi, kabuti na kofia ya manyoya, lakini akili ilikuwa yangu mwenyewe.

Darasani tulikuwa vijana kutoka kila nchi iliyokuwa ikiitwa rafiki. Mwalimu wetu alikuwa kapteni mwenye mashavu mekundu, na alitufundisha kufungua injini nzima tukiwa tumefungwa kitambaa machoni. Alitufundisha pia kwamba biashara ni ugonjwa. Silaha na magari ambayo nchi yake iliwapa watu kama sisi hayakuwa bidhaa, alisema, bali mkono wa ndugu. "Ndugu hamuuzii ndugu." Sisi tukaandika. Hakuna aliyenyoosha kidole kuuliza kwa nini mkono wa ndugu unadai spea kila mwaka, na kwa nini spea zile hazipatikani kwa ndugu mwingine yeyote duniani.

Nilifanya kazi Dar es Salaam mpaka zilipoingia zama za ruksa, za biashara huria. Mitumba ikajaa, soda za rangi zikajaa, na karakana niliyokuwa nikifanyia kazi ikapunguza watu, ikianza na sisi tuliosoma, kwa kuwa ndio tuliokuwa tukiuliza maswali kwenye vikao. Nikarudi nyumbani. Nilifungua gereji Bulyaga, hapo hapo Tukuyu mjini, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, na watu wakaanza kuniita Mrusi. Wengine walisema kwa heshima, wengine kwa kebehi. Mimi niliitikia zote mbili.

Siku moja dereva wa lori la bia aliniambia kwamba Mbeya kuna Mzungu ambaye Kiingereza chake hakieleweki, na kwamba anatafuta mtu anayejua Kirusi. Nilivaa suti, nikachukua diploma ukutani, nikapanda basi dogo la Mbeya. Mzungu nilimkuta kwenye baraza ya nyumba ya wageni. Alikuwa kapteni wetu.

Alikuwa amenenepa. Sare ilikuwa imeondoka, na mahali pake palikuwa na koti la rangi ya zambarau na jino la dhahabu. Zamani aliniita ndugu. Sasa aliniita mista. Mbele yake palikuwa na kitabu cha picha cha karatasi inayong'aa. Kila kitu alichotufundisha kama mkono wa ndugu sasa kilikuwa na ukurasa wake: bunduki, mizinga, helikopta, viatu, hata sufuria ya kupikia kikosi kizima porini. Msichana mwenye tabasamu alisimama kando ya mzinga kama anatangaza sabuni.

"Mwalimu," nilimwambia kwa Kirusi, "si ulisema biashara ni ugonjwa?"

"Ni ugonjwa," alisema. "Nimeugua. Keti."

Alinieleza habari zake. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa ikiuza chochote kilichowahi kupakwa rangi ya kijani. Alikuwa ametoka kuonana na wakubwa mjini, wakanywa vodka yake, wakamwambia urafiki wa nchi zetu ni wa kudumu. Alielewa mara moja kwamba hawanunui. Sasa alibaki na gari moja la maonyesho, lori la jeshi la magurudumu sita, na wazo moja: awaonyeshe wateja wa Afrika nzima kwamba lori lile halifai vita tu, linapendwa pia na wakulima. Alitaka kupiga picha za video. Wakulima wenye furaha, mazao, tope, mlima, na lori likipanda.

Tope, mlima na wakulima? Nilimwambia amefika.

Tukakubaliana hapo hapo. Mimi nitampatia mahali, watu na tafsiri. Chama cha wakulima wa chai cha kwetu kilikuwa kinatafuta lori, kwa sababu majani mabichi yakilala njiani kwa ajili ya utelezi huungua kwenye matenga, na kiwanda hakiyapokei. Picha zikitoka vizuri na chama kikiridhika, nitakuwa wakala wake wa Nyanda za Juu Kusini: magari yatauzwa kupitia kwangu, spea zitakaa kwangu, gereji itajengwa kwa matofali. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka kuliko kitu chochote duniani. Mtu aliyesoma kama mimi hakuumbwa kuziba pancha za baiskeli.

Niliporudi Bulyaga nilinunua rangi kabla ya kununua chumvi niliyoagizwa. Nikaandika ubao kwa herufi kubwa: WAKALA MKUU WA MAGARI YA KIRUSI. Nikautundika ukiwa bado unachuruzika.

Mke wangu alitoka nje akausoma. "Wakala tayari?"

"Bado mambo madogo madogo."

"Na chumvi nayo iko kwenye mambo madogo?" Kisha akauliza, "Hilo lori la vita kweli litabeba chai?"

"Linabeba chochote. Linavuka mto. Tairi zake zinajazwa upepo dereva akiwa amekaa."

"Litatubeba na sisi wachumaji?"

"Ninyi ndio mtakaopigwa picha."

"Basi nitavaa khanga mpya," akasema.

Sasa lazima nimtaje baba. Baba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya chama kile, na kamati yote ilikuwa ya wazee wenzake. Ujanani alichukuliwa na Waingereza akapigana Burma, na alirudi na kabuti moja ambalo alilivaa kila masika mpaka likawa kama ngozi yake. Kwa hiyo habari za mataifa makubwa kutupa silaha hakuzisikia kwangu. "Walitupa bunduki," alikuwa akisema, "wakatufundisha kuipenda kama mke, vita vilipokwisha wakaichukua. Hata mahari hawakurudisha." Diploma yangu aliisifu, ila hakuwahi kukaa kwenye kiti kile cha kuitazama. Alisema kina upepo.

Ukweli ni kwamba nyumbani kwangu alikuja mara chache kwa sababu ya mke wangu, na si kwa ugomvi. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Tangu siku anapoolewa, mwanamke hamtazami baba wa mume wake usoni, hapiti njia anayopita, hakai anapokaa. Wakielekea kukutana, mwanamke huingia migombani, anajifunika kichwa, anainama mpaka mzee apite. Mzee naye hugeuza uso. Shamba la chai la mke wangu lilipakana na la baba, mto mdogo tu katikati, na kwa miaka yote ya ndoa yetu walikuwa hawajawahi kuonana. Alimpikia ndizi, watoto wakapeleka. Baba alimsifu mapishi, watoto wakaleta sifa.

Kilichowezesha mambo haya yaende ni kikohozi. Baba akitembea alikohoa kila penye kona. Si kwamba alikuwa mgonjwa. Wazee wote wa kwetu wenye wakamwana hukohoa namna hiyo, kila mmoja kwa sauti yake, na mwanamke akisikia huko shambani anajua ni mkwe wa nani anakuja na ana muda gani wa kujificha. Nimesoma mitambo mingi ya kutoa tahadhari, mingine inatumia mawimbi ya redio. Sijaona uliokuwa na uhakika kama ule.

Siku ya picha ilinyesha tangu alfajiri, na mwalimu wangu akafurahi kama mtoto. Alinikabidhi usukani mwenyewe, mbele ya watu, na sitajifanya kwamba sikusikia watu wakinong'ona. Yeye alitangulia na pikapu ya chama, akiwa na kamera yake kubwa ya kubeba begani, ile inayomeza mkanda mzima wa video, akaenda kusimama juu kileleni mlima wa Kisiba unapoishia. Kamati nzima ilikuwa inamngoja pale, kwa kuwa wazee ndio watakaoamua kama chama kinanunua, na walitaka kuona wenyewe lori likipanda. Kabla ya kuondoka aliagiza turubai livuliwe pamoja na vyuma vyake. "Nyuso," alisema. "Mteja anataka kuona nyuso."

Nikateremka bondeni kwenye banda la kupimia chai. Wachumaji walikuwa wananingoja, wanawake tu, na matenga yao yamejaa. Tukapakia. Wakapanda juu ya bodi, wakashikana, na kwa kuwa bodi la lori lile liko juu sana, walikuwa wakiona mashamba yote mpaka kwenye mawingu. Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye maneno mengi kuliko redio, alipiga kelele, "Mrusi wee! Huku juu naona mpaka dhambi za watu wa Mbeya!"

"Shikilia," nilimwambia. "Hili si tela la trekta."

Nikaweka gia ya kwanza. Lori likaanza kupanda, na nasema bila kujisifu kwamba lilipanda kama mtu anayekwenda kwake. Matrekta yalikuwa yamekwama kwenye mlima ule tangu mkoloni. Sisi tulipita kwenye tope lile tukiimba; wanawake wakaimba juu, mimi nikaimba chini, injini ya silinda nane ikaimba kuliko sote.

Kila kitu kilikuwa sawa mpaka kona ya mwisho.

Pale kileleni, kando ya barabara, wamesimama mstari mmoja, kamati nzima ya wazee. Na kila mzee katika mstari ule alikuwa baba mkwe wa mwanamke mmoja au wawili waliokuwa juu ya lori langu. Mbele yao, amevaa kabuti, alisimama baba.

Walikohoa. Hilo nataka lieleweke, maana baadaye watu waliwasema wazee wale kwamba hawakuwa na adabu. Walikohoa wote, walikohoa mpaka kofia zikacheza. Lakini injini ile ilitengenezwa ivume kuliko mizinga, na hakuna kikohozi cha binadamu kilichoweza kuipita.

Wanawake waliwaona kabla ya kuwasikia. Wakaanza kupiga bodi kwa viganja. Wapo waliosema baadaye kwamba nilipaswa kujua. Kweli, kwetu bodi likipigwa dereva anasimama. Lakini kusimama katikati ya mlima wa tope na mzigo nyuma si jambo linalofanywa na fundi yeyote mwenye akili, wa jalada jekundu au la bluu. Nikakanyaga mafuta. Nilidhani wananishangilia.

Kwa kawaida, mwanamke angeingia migombani. Kwenye bodi lile hapakuwa na mgomba, wala turubai, wala pa kuinamia. Walikuwa wamepandishwa hewani kama sanamu, wakipelekwa moja kwa moja mbele ya nyuso za wakwe zao. Basi wakaruka. Wa kwanza alikuwa yule jirani mwenye maneno, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema. Kisha wote, kushoto na kulia, matenga yakipinduka, chai mbichi ikimwagika barabarani, wakakimbia kuingia migombani vichwa vikiwa vimefunikwa. Khanga mpya ya mke wangu ilinaswa na ndoana ya bodi. Hakugeuka kuichukua. Alikimbia akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na tenga lake likateremka mlimani peke yake.

Wazee nao, kwa adabu, wakatugeuzia migongo.

Nilifika kileleni nikiwa na lori zima, injini salama, na hakuna mtu hata mmoja ndani yake. Mwalimu wangu hakuwa ameshusha kamera. Alipoishusha, mashavu yake mekundu yalikuwa meupe.

"Nani amewashambulia?" aliniuliza. "Wapi wamejificha?"

"Hakuna aliyeshambulia. Ni heshima tu."

"Na wale wazee wameshikwa na nini? Nimeona wanakohoa. Ni moshi wa lori?"

Nikajaribu kumweleza. Kirusi kina neno lake la baba wa mume na neno jingine la baba wa mke, na nilijua yote mawili, lakini hakina neno la mtu unayempenda sana kiasi cha kumkimbia. Aliniangalia kama vile nilivyokuwa nikimwangalia alipotufundisha uchumi.

Wazee walipoondoka, wanawake wakatoka migombani, wakaokota chai yao majani kwa majani, wakapakia, na lori likaifikisha kiwandani ikiwa bado mbichi. Hili huwa halisimuliwi. Watu hupenda kusimulia kuruka tu.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumapili. Pale Bulyaga kulikuwa na ukumbi wa video wa mzee mmoja Mwislamu ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kushona nguo, na mchana baada ya ibada alikubali kutuonyesha mkanda. Lakini alikuwa mtu wa mji, alishajua mila zetu kuliko baadhi yetu. "Injinia," aliniambia, "hapa itabidi twende kwa zamu. Wazee kwanza. Kina mama watakuja wazee wakishafika kwao. Sitaki watu wapite dirishani kwangu."

Zamu ya kwanza wakaingia wazee na mwalimu wangu. Mkanda ulianza na kamati ikingoja kwenye mvua. Uso wa baba ulijaa kioo kizima, matone yakidondoka kwenye masharubu. Kisha lori likitokea konani. Kisha yale mengine. Kwenye kioo, bila mtu kukueleza, uliona jambo moja: lori la kijani la jeshi linapanda, wanawake wanaruka na kutawanyika wakishika vichwa, na wazee wanageuka kama watu wasiotaka kushuhudia. Nilijua uwakala wangu umekwisha.

Mwalimu wangu akapiga paja. "Hii ni bora kuliko nilivyoomba!"

Nikadhani nimesahau Kirusi.

"Mkulima mwenye furaha hanunui," alisema, akanigeukia, jino linang'aa. "Wanaonunua wana shida moja tu, mista: watu wanaojaa barabarani. Hapa nina lori linalofika, na watu wanaondoka. Hakuna risasi. Hakuna damu. Ni safi. Utaweka sauti yako kwa Kiingereza, sauti ya mwenyeji. Utasema: tazameni, wakiliona tu wanatawanyika. Halafu wewe ni wakala. Si Nyanda za Juu Kusini tu. Nchi nzima."

Wazee waliniangalia wakingoja tafsiri. Nikatafsiri, sikupunguza kitu.

Baba ndiye aliyejibu. "Kule Burma," alisema, "siku moja tulikimbia. Kulikuwa na sababu nzuri. Mwingereza akatupiga picha. Baadaye tukaonyeshwa picha ile ile, tukaambiwa hapo ndipo tuliposhambulia." Wazee wakacheka. Yeye hakucheka. "Mwambie mwalimu wako yule aliyeacha khanga, nimeambiwa, ni mkamwana wangu. Hajawahi kumkimbia mtu maishani mwake. Alikuwa ananipa heshima yangu."

Nikamwambia. Mwalimu wangu alisikiliza vizuri, kwa heshima kabisa. "Mwambie baba yako namwamini," alisema. "Lakini mteja hataona tofauti."

Baba akasimama, akafunga vifungo vya kabuti. "Mkanda uko mkononi mwako, mwanangu," akaniambia. "Diploma ni yako. Mimi nakwenda, kina mama wanangoja zamu yao." Akatoka akikohoa.

Wakaingia wanawake. Mwenye ukumbi akarudisha mkanda mwanzo, na uso wa baba ukatokea tena, mkubwa kama mlango.

Sikuwa nimefikiria hilo. Hakuna aliyekuwa amefikiria. Mke wangu alianza kuinama, mkono ukaenda kichwani, kisha akabaki hivyo, nusu ameinama, akichungulia kwa chini ya khanga.

"Ndiye huyo?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Ndiye."

"Hapa ananiona?"

"Hakuoni. Ni mkanda."

Alikaa wima polepole. Ukumbi mzima wanawake walikuwa wakifanya hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimtafuta mzee wake kwenye mstari. "Kumbe mnafanana," mke wangu alisema. "Ila yeye ni mzuri."

"Huyu wa kwangu ana masikio hayo?" jirani yetu alipiga kelele. "Na ndizi zangu zote zile hazijamnenepesha! Mwenye video, rudisha!"

"Mama, mkanda utakatika," mwenye ukumbi alilalamika.

"Urudishe ukatike!"

Akaurudisha, akaurudisha tena. Hawakutaka kuona lori. Hawakutaka kujiona wakiruka. Kila lilipofika lile la kuruka walisema basi, anza tena pale kwa wazee.

Njiani kwenda nyumbani mke wangu aliniuliza mkanda unakwenda wapi. Nikamweleza yote: sauti yangu, wateja, nchi nzima, gereji ya matofali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo huko watakaoniona watadhani namkimbia Mrusi."

"Lori la Mrusi. Ndiyo."

"Mimi nimemkimbia Mrusi lini? Nimeolewa na mmoja, na nipo." Tulitembea kidogo. "Na uso wake nao utakwenda? Wa baba?"

"Utakwenda na mkanda."

Akajifunika khanga kichwani, kama baba yuko kona ya mbele, akatangulia.

Nitasema wazi, nilitaka uwakala ule. Niliutaka asubuhi yake nilipokwenda ukumbini kuchukua mkanda. Niliutaka nilipompitishia mke wangu mkanda ule shambani badala ya kuupeleka nyumba ya wageni ya Bulyaga alikolala mwalimu wangu. Aliufunga kwenye khanga ile ile, iliyochanwa na ndoana, akaendelea kuchuma. Mwalimu wangu nilimkuta anapasha lori moto.

"Mkanda?"

"Umekwenda kwa wenyewe."

"Nilikufundisha injini vizuri," alisema. "Biashara sikukufundisha. Kosa langu." Akanipa mkono, mkono wa kweli, na kwa mara ya mwisho akaniita ndugu. Lori likashika njia ya Mbeya, na lilipokuwa likibadilisha gia kule kwenye kona nilisikia kwamba aliyelishika hajui kulishika. Chama cha chai kilinunua trekta jingine.

Watu wa Bulyaga husema Mrusi alipoteza uwakala kwa ajili ya mkanda wa video. Waseme. Ni wangapi kati yao wamewahi kupewa nchi nzima wakaikataa? Ubao sikuushusha, rangi ilikuwa nzuri. Chini yake nimetengeneza mashine za kusaga, pampu za dawa, Landirova za kila umri, na nimezitengeneza vizuri kuliko ambavyo angefanya mtu wa jalada la bluu.

Baba alipofariki, watu walijaa Kisiba. Kina mama walikuwa upande wao kama ilivyo desturi, na shangazi mmoja alimwonea huruma mke wangu kwamba amemzika mkwe asiyewahi kumwona. "Nimemwona," mke wangu alimjibu, "tena akiwa hai, mvua inamnyeshea." Shangazi akadhani ni uchungu unaongea.

Miaka ya baadaye tulinunua televisheni. Jioni moja, kwenye habari, wakaonyesha mji wa nchi nyingine, na barabara imejaa watu. Kisha lori likatokea. Nililijua kabla halijageuka: magurudumu sita, kijani kile kile, na mlio ule, hata kwa spika mbovu ya kwetu. Watu wakaanza kukimbia, wengine wameshika vichwa kwa mikono miwili. Bila kutaka nikajikuta natafuta pembeni ya barabara kama kuna mzee amesimama.

Mke wangu aliacha kumenya ndizi.

"Na hawa," aliuliza, "wanamkimbia mkwe gani?"

Nikanyanyuka, nikapunguza sauti, tukakaa tukiangalia mpaka walipohamia habari za mpira.